Siku nne Tshibinda, kutafuta nyumba ya Koko

Mama ana picha moja tu ya baba yake. Koko, ndivyo tunavyomwita babu, amesimama mbele ya nyumba ya matofali yenye bomba la moshi, amevaa koti refu na bote, mkono wa kuume ameshika kitu kama fimbo. Mbele yake kuna mistari ya majani ya chai. Nyuma yake ukungu umekula nusu ya paa. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa biki ya bluu: Tshibinda 1971. Basi.

Mimi ninapiga fotokopi na kuchapa barua za watu pale Nyawera, Bukavu, mashariki ya Kongo, kwa hiyo picha hiyo nimeikuza mara nyingi hadi naijua doa kwa doa. Mama alikuwa na miaka mitatu walipohama kule. Anakumbuka baridi, harufu ya moshi, na kwamba Koko alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa shamba. Mwezi wa 11 mwaka 2022 niliitia picha plastiki, nikafunga duka siku nne, nikamchukua mdogo wangu wa kiume, tukapanda. Haya nayaandika nikiwa nyumbani, kutoka kwenye daftari lililolowa kurasa za katikati na picha za simu ambazo, mtaona wenyewe, hazikutosha.

Alhamisi, tarehe 10: Bukavu, Mudaka, Miti, Tshibinda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa tayari kituoni kwa magari ya Kavumu. Konvoyere, utingo wa gari, alituambia imebaki nafasi mbili tu. Tukaingia. Kisha akawaambia wengine wawili imebaki nafasi mbili tu, na wengine tena, mpaka saa mbili kasoro. Kila msitari wa viti ulikuwa na watu wanne, pale mbele walikuwa watatu na shofere, na kati ya miguu yangu kulikuwa na kuku wa mama mmoja aliyekuwa anampeleka kwa mkwe wake. Nauli franga 3,500 kwa mtu. Nilitoa noti ya dola kumi; shofere akaiinua juani, akaona imechanika pembeni kidogo kama mguu wa sisimizi, akanirudishia bila neno.

Mnaojua Kivu mnajua, lakini kwa mgeni niseme: franga ikiwa chafu, imekunjwa, imeshonwa na selotepi, inapita. Dola ikiwa na alama ndogo haipiti popote. Beba dola safi, na ubebe franga ndogondogo za kutosha, maana huko juu hakuna wa kukuvunjia noti kubwa.

Ukishaacha kiwanda cha bia, barabara inapanda na ziwa linabaki kuume, mara liko, mara limefichwa na migomba. Lami imeliwa vibaya. Shofere wetu alikuwa anaendesha upande wa kushoto, wa kuume, wa katikati, popote pasipokuwa na shimo. Mudaka soko lilikuwa limemwagika mpaka barabarani: makabichi makubwa kama vichwa vya ndama, marakuja kwenye beseni, mifuko ya makala, yaani mkaa. Mbele kidogo tukakuta kamba imevutwa njiani. Wenye kamba walitaka "ya kahawa". Konvoyere akashuka, akarudi, kamba ikalala. Hakuna aliyegeuza shingo.

Miti ni mahali njia inapogawanyika. Ukienda mbele unafika Kavumu kwenye uwanja wa ndege, halafu Katana na Kalehe mpaka Goma. Ukikata kushoto unapanda Tshibinda na Tshivanga, na wazee wanasema zamani makamyo yalifuata njia hiyohiyo kupitia Bunyakiri na Walikale mpaka Kisangani. Sisi tulikata kushoto, lakini kwanza mvua ikatukata sisi. Tulijibanza kwenye kibanda cha mama mmoja saa mbili nzima. Alituuzia mandazi na chai ya moto, franga 500 kikombe. Paketi ya majani ilikuwa juu ya meza: ilitoka Kenya.

Nikamuuliza, "Mama, hapa juu si kuna chai?"

"Iko," akasema, huku akipangusa meza. "Inapitaka tu hapa mu kamyo."

Motari, mwendesha pikipiki, alianza na 8,000 kwa kila mtu sababu ya matope, tukaishia 5,000, na akamwita mwenzake kwa ajili ya mdogo wangu. Ukipanda, unaona kilima kinavua nguo moja na kuvaa nyingine. Kwanza migomba na maharagi. Halafu mikaratusi, myembamba, imesimama karibukaribu. Halafu hewa inabadilika: inaingia puani kama maji. Bukavu pale ziwani iko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Tshibinda inapita 2,000. Tofauti hiyo haisomwi, inasikika mgongoni.

Chai yenyewe sikuiona ilipoanza. Ukungu ulikuwa umeshuka, motari amewasha taa saa nane mchana, na kitu cha kijani kikaanza kupita pembeni ya goti langu, laini, kimekatwa sawasawa juu kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Nikadhani ni ua la nyumba ya mtu. Ua halikwisha. Dakika tano, dakika kumi, bado linapita. Ndipo nikaelewa.

Tulianguka mara moja tu, polepole, upande upande, kama ng'ombe anavyolala. Watoto wanne walitoka ndani ya ukungu, wakainua pikipiki kabla yetu, wakasafisha kioo cha taa kwa shati, wakarudi walikotoka. Niliwatafuta niwape biskuti. Nikasikia kicheko tu, sikuona mtu.

Motari aliponiuliza tutalala wapi nikamwambia tutatafuta. Akacheka sana. "Yaya, huku hakuna kutafuta. Twende kwa shangazi yangu." Ndivyo tulivyompata mwenyeji wetu, mama mjane mwenye nyumba ya udongo yenye manjanja (mabati) juu, jiko lake pembeni, na mbwa asiyebweka. Kabla hata hajatukaribisha kukaa alimtuma mtoto kwenda kumwambia shefu wa kijiji kwamba ana wageni wawili kutoka Bukavu. Msiruke hatua hiyo. Mgeni asiyetangazwa, kesho yake anaulizwa maswali. Aliyetangazwa anapewa viazi.

Tulikula bugali, maharagi na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, tulizobeba kutoka mjini. Usiku tulilala na makoti, soksi mbili mbili, na viroboto.

Ijumaa, tarehe 11: majani

Saa kumi na mbili asubuhi nilitoka nje, nisione jiko lililo hatua kumi kutoka mlangoni. Niliona moshi wake tu, mweupe kupita ukungu kidogo. Halafu nikasikia sauti za wanawake zinapita chini, wanaongea Mashi, kicheko, kikohozi, na mkwaruzo wa plastiki. Mwenyeji wetu akasema, "Ni ba ya majani. Fuata sauti."

Tuliwafuata. Niliomba ruhusa kwa mkubwa wao, naye kapita, kijana mwenye daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Nilipomwambia Koko alikuwa kapita hapa alinisalimia upya, mara hii kwa mikono miwili.

Nilikuwa nadhani kuchuma chai ni kuvuta majani. Mama mmoja alinionyesha. Unatafuta ncha changa: kichipukizi ambacho hakijafunguka, na majani mawili yaliyo chini yake. Hivyo tu. Hukwanyui na kucha, wala huvuti. Unabana kati ya kidole gumba na cha shahada, unageuza kidogo, kinakatika chenyewe kwa sauti ndogo kama ya kuvunja njiti ya kiberiti iliyolowa. Jani la tatu limeshakomaa, linaharibu chai, kapita atalitupa mbele ya watu. Mikono miwili inafanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye ncha yake, na macho hayafuati mkono wowote. Viganja vikijaa, vinarushwa nyuma ya bega kwenye kikapu bila kutazama. Mimi nilijaza kiganja kimoja kwa muda ambao yeye alitupa nyuma mara tisa. Nilihesabu kwa aibu.

Vidole gumba vyake vilikuwa vyeusi, siyo vya uchafu, ni utomvu wa chai ulioingia kwenye nyufa za ngozi na kukaa humo. Mbele alijifunga mfuko wa plastiki uliopasuliwa, juu ya kikwembe, maana umande wa michai unakulowesha mpaka kiunoni kabla ya jua. Nilimuuliza wanalipwa vipi. Kwa kilo. Akanitajia bei. Nikamwomba arudie, nikidhani sikusikia vizuri. Nilisikia vizuri. Kilo moja haikutosha kununua kile kikombe cha chai nilichokunywa Miti.

Halafu nikatoa picha.

Wote walikusanyika. Picha ilipita mkono kwa mkono, matone yakidondoka juu ya plastiki (nashukuru nilikumbuka plastiki). Kila mmoja alitaja koti kabla ya kutaja nyumba. Mama wa vidole vyeusi akasema bila wasiwasi, "Hii nyumba naijua. Ni kwetu."

Saa sita, kazi yao ilipopumzika, alitupeleka. Ni jiko lake. Jiko dogo la kukaa watu watatu, lakini kweli, upande mmoja ukuta ulikuwa wa matofali makubwa ya kuchomwa, mekundu ya kuiva, si kama haya madogo tunayofyatua leo. "Angalia matofali," akasema. Niliangalia matofali, nikaangalia picha. Nyumba ya Koko ina madirisha mawili na bomba la moshi. Nilimshukuru, nikapiga picha ya ukuta, tukala avoka na chumvi.

Chini kidogo mzee mmoja mwenye nguruwe akasema hapana, huyo mama anadanganya, nyumba ni hapa. Akatuonyesha banda la nguruwe. Matofali yaleyale.

Wa tatu alikuwa mwenye duka la kuchaji simu, njiani, mwenye kioo cha jua juu ya paa. Hata hakuitazama picha vizuri. Alipiga mguu kwenye ngazi ya duka lake: "Hii ngazi ilikuwa ya kwake." Ngazi ya matofali, mekundu.

Mdogo wangu alikaa juu ya ngazi hiyo akacheka hadi machozi. "Yaya, Koko alikuwa na manyumba tatu. Mama asisikie."

Kuchaji simu hapo ilikuwa franga 500, na jua likikosekana, kama lilivyokosekana, simu inalala hapo mpaka kesho. Mtandao unashika karibu na barabara tu. Ukishuka kwa majani umepotea. Kama unataka kupiga picha, beba betri ya akiba. Mimi sikubeba.

Mchana uliobaki ni mvua. Tulikaa jikoni kwa mwenyeji wetu, tukamenya viazi, tukasikiliza manjanja.

Jumamosi, tarehe 12: Tshivanga, na mzee wa kiwanda

Asubuhi tulitembea mpaka Tshivanga, kwenye lango la Mbuga ya Kahuzi-Biega. Ni mwendo wa kupanda, upande mmoja chai, upande mwingine chai, halafu ghafla pori, kama mtu amepiga msitari. Mbuga hii ilianzishwa mwaka 1970, mwaka mmoja kabla ya picha ya Koko, ikapanuliwa sana 1975. Mwaka 1980 ikaingia kwenye urithi wa dunia, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ndimo wanamokaa sokwe wakubwa, gorila wa nyanda za chini za mashariki wanaopatikana Kongo peke yake. Wageni walikuwa wanalipa mamia ya dola kuwaona. Sisi tuliishia langoni, tukasalimiana na walinzi, tukaambiwa mlima Kahuzi uko "pale tu", mita 3,308. Tulitazama pale tu. Ilikuwa nyeupe tupu.

Njiani kurudi tulitembea bega kwa bega na familia ya Batwa waliokuwa wamebeba kuni. Baba yao alisema wazazi wake walizaliwa ndani, akionyesha pori kwa kidevu, na walitolewa wakati mbuga ilipowekwa. Alisema hivyo jinsi mtu anavyotaja mtaa aliohama. Halafu akaniuliza kama Bukavu kuna kazi ya kubeba mizigo. Nikamwambia ukweli, kwamba wabebaji ni wengi kuliko mizigo.

Mzee tuliyemhitaji tulimpata kwa sababu ya mandazi. Mwenyeji wetu alinituma nimpelekee jirani sahani, na jirani alikuwa mzee aliyefanya kazi kiwandani tangu ujana. Nilimsalimia "Asinge, mzee," neno mojawapo kati ya machache ya Mashi nisiyoyaharibu. Akaniketisha kwenye kigoda, akala andazi lote kwanza. Halafu akanifundisha chai, bila kuulizwa.

Jani likichumwa, alisema, linaanza kufa saa hiyohiyo, na kazi yote ni kulifanya life vizuri. Linatandazwa linyauke mpaka lilainike kama kitambaa. Linasagwa na kusokotwa mpaka litoe maji yake. Linaachwa livute hewa, na hapo ndipo linageuka kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Ukiliwahi halina ladha, ukichelewa linakuwa chachu. Mwisho linakaushwa kwa moto wa kuni, ndiyo maana mikaratusi imepandwa kote. Kilo nne au tano za majani mabichi zinakuwa kilo moja ya chai. Na jani lazima lifike siku ileile. "Kamyo ikilala mu matope," akasema, "majani inajipika yenyewe mu mifuko. Asubui unatupa." Nilikumbuka ule mteremko tuliolala nao chini na pikipiki.

Nikampa picha. Hakutazama nyumba. Aliisogeza karibu na pua, akaweka kidole juu ya mkono wa kuume wa Koko.

"Hii si fimbo."

Ni nyundo, akasema, nyundo ya mti. Mpini mrefu, kichwa kimefichwa na koti. Ni ya kupigia magamba ya kenkina ili yabanduke kwenye shina. Kenkina, ule mti wa kutengeneza kinini, dawa ya malaria. Wabelgiji waliupanda kwenye vilima hivi pamoja na chai, na magamba yakikauka yanashuka Bukavu kiwandani. "Koko yako haikukuwa kapita wa majani. Ilikuwa kapita wa kenkina. Mumemutafuta mbaya."

Miaka yote hii nilikuwa naikuza fimbo.

Basi akachukua kofia na mwavuli, akatutangulia. Mzee huyu ana zaidi ya miaka sabini na alitushinda kwa mbali. Tulivuka michai, tukavuka kijito juu ya mti uliolazwa, tukaingia kwenye mikaratusi ambako, alisema, zamani yote ilikuwa kenkina. Njiani alisimulia kwa vipande, akisubiri tupumue. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 Mobutu alitangaza mali za wageni zipewe Wazairwa. Mzungu wa shamba akaenda. Akaja mwenye shamba mpya, "huyo hatukumuona na macho, tuliona tu makamyo yake." Mishahara ikakatika. Makapita wakashuka mjini mmoja mmoja, na Koko, inaonekana, akiwa mmoja wao. Hiyo inalingana na Mama, ambaye anasema walifika Kadutu, mjini Bukavu, kabla yeye hajaanza shule. Halafu 1994 wakimbizi kutoka Rwanda, kambi kubwa kule chini Kashusha na INERA, watu wote hao wakihitaji kuni. Halafu vita vya 1996. Nyumba tupu haikai.

Akasimama. Mbele yetu kulikuwa na mstatili wa msingi, umefunikwa na moss na majani ya mkaratusi, na upande mmoja rundo la matofali yaliyoungua meusi ndani: kitako cha bomba la moshi. Nilipima kwa hatua. Tisa kwa sita.

"Matofali mengine iko wapi?" mdogo wangu akauliza.

Mzee akageuka, akaanza kuonyesha kwa mwavuli ndani ya ukungu, hapa, pale, na pale chini. Jiko. Banda la nguruwe. Ngazi ya duka. Akataja pia shule, na kisima, na kaburi la mke wake.

Simu yangu ilikuwa kwa mwenye ngazi, inachaji. Ya mdogo wangu ilikuwa na asilimia mbili. Alipiga picha moja, ikazimika. Picha hiyo ninayo. Inaonyesha mwavuli.

Na wakati huo, tukiwa hatuna kifaa cha kushika chochote, ukungu ukafunguka upande wa mashariki. Haukuondoka wote, ulikunjuka pembe moja kama mkeka. Chini kabisa tukaona ziwa Kivu, jeupe, na katikati vilima vya chai vimepangwa mistari kama kichwa kilichosukwa, na kila nyumba na moshi wake. Nilizihesabu hadi kumi na moja. Kisha ukafunga.

Mzee alichagua tofali nusu kutoka kwenye bomba, akaligonga na lingine kusikia kama ni zima, akanipa. Nilitaka kumlipa. Akakataa pesa, akaomba fotokopi ya picha. Nilikuwa nazo tatu kwenye begi.

Jumapili, tarehe 13: kushuka

Mwenyeji wetu naye alikataa pesa za malazi. Tulimwachia mchele, chumvi, sabuni na mafuta tuliyobeba. Na nawashauri mbebe vitu hivyo kutoka mjini, maana ni rahisi kupokelewa kuliko noti. Yeye akanifungia kwenye jani la mgomba kitu cha ukubwa wa ngumi. Chai. Michai mitatu iko nyuma ya jiko lake, anaichuma mwenyewe, anaisugua kati ya viganja, anaianika juu ya jiko. "Si kama ya kiwanda," akasema. "Inanuka moshi."

Motari wetu alikuwa ameenda kanisani, tukamsubiri hadi saa tano. Kushuka ilikuwa 4,000 kwa mtu. Miti gari lilijaa upesi, siku ya Jumapili wengi wanarudi mjini. Mudaka nikanunua makabichi mawili.

Kwenye kamba wakati huu walipekua mizigo. Kijana aligusa begi langu, akahisi uzito, akafungua. Tofali nusu limefungwa kwenye kikwembe.

"Hii ni nini?"

"Tofali."

Akaligeuza. Akalinusa. Akamwita mkubwa wake. Upande wetu wa dunia, mtu akibeba jiwe lililofungwa vizuri ndani ya nguo, hakuna anayefikiria ukuta. Mkubwa akalikwaruza kwa funguo, akalipeleka juani, akauliza linatoka kwenye shimo gani la madini. Nikatoa picha ya Koko, nikaeleza toka mwanzo: kapita, kenkina, bomba la moshi. Abiria wakaanza kulalamika, halafu wakaanza kusikiliza, halafu mama mmoja nyuma akaanza kunisahihishia, akisema kenkina haupigwi na nyundo ya namna hiyo. Robo tatu ya saa. Mwishowe mkubwa akanirudishia tofali kwa mikono miwili. Ya kahawa hakuomba. Konvoyere alisema hajawahi kuona.

Gharama zetu wawili, bila zawadi: karibu franga 52,000, nauli, pikipiki, chakula cha njiani na kuchaji. Kama dola 26 za wakati ule. Nendeni mwezi wa 7 kama mnaogopa matope, mkijua kwamba ukungu wa asubuhi hauna kiangazi.

Tulifika nyumbani saa kumi jioni. Mama alichemsha ile chai kabla sijavua bote. Ilitoka nyepesi, ya rangi ya udongo, na kweli ilinuka moshi. Alikunywa kikombe chote bila sukari, mwanamke ambaye anatia vijiko vinne. Halafu akaliweka tofali mapajani, akapitisha kidole kwenye ule weusi, akatazama masizi kwenye ncha ya kidole.

Nilimweleza msingi, hatua tisa kwa sita, kijito, mzee, nyundo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na mulango?" akauliza. "Ulikuwa unaangalia njia ao pori?"

Mdogo wangu alisema njia. Mimi nilisema pori. Tulisema pamoja.